Blanketi Lenye Tundu Katikati

Shambani, tarehe 4 Machi

Kwa shemeji yangu mchoma sindano,

Salamu zikufikie hapo ulipo, wewe na huo mguu wako. Sisi huku wazima kwa kadiri ya umri. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume, yaani amezaa hasara. Mahindi yamefika magotini, magoti yangu mimi, si yako wewe twiga. Kifungua mimba wetu, yule mwalimu, ameandika kwamba amepandishwa cheo. Sasa anakemea walimu badala ya watoto. Herufi zangu zikipishana kama mbuzi njiani uzisamehe. Shule niliiacha darasa la tatu, au yenyewe iliniacha, hatujakubaliana mpaka leo. Ningepiga simu, lakini nyumba yetu ina vyumba vitatu na dada yako ana masikio kumi.

Sasa jambo lenyewe. Dada yako umemfanya nini?

Mwezi wa kwanza aliondoka hapa kuja kukuuguza mguu akiwa mke wangu. Aliyerudi simwelewi. Nianze na blanketi. Unajua siku anaingia kwangu, miaka arobaini na moja iliyopita, alikuja na mfuko umetuna, mimi nikajisemea mjinga wewe umeoa tajiri. Kufungua, vitambaa. Tangu hapo hakuna nguo ya nyumba hii iliyokufa kifo cha kawaida. Zote zimekatwa viraka. Watoto wanne, mablanketi manne. Yule wa tatu alimzaa baada ya kumaliza kukamua, na jioni neno la kwanza kuniambia lilikuwa, "Sindano yangu umeiweka wapi?" Na viraka vyake huvipanga sakafuni kuanzia vyeusi kwenda vyeupe, kama kunavyokucha. Ukisogeza kimoja kwa kidole cha mguu, anajua, na wewe utajua kwamba amejua.

Hili analoshona sasa, shemeji, ni vurugu tupu. Nyekundu kaigonganisha na zambarau. Kijani kailaza na pazia lile la maua ya njano, mtu ukilitazama sana unasikia kichefuchefu. Na katikati kaacha tundu, mraba mtupu, mkono wangu unapita mpaka kwenye kiwiko. Nilimuuliza mbona rangi zinapigana. Akasema ziache zipigane, zikichoka zitapatana.

Halafu anahesabu. Anatoka mlangoni kwenda zizini huku midomo inamcheza. Nilijibanza nyuma ya pipa la maji nikamsikia, thelathini na mbili, thelathini na tatu. Nikadhani anahesabu makosa yangu, lakini aliishia arobaini na sita, na makosa yangu hayaishii hapo.

La mwisho, koti. Koti langu la sufu amelitaka alikate tangu mwaka tuliooana, na kila mwaka namjibu nitazikwa nalo, naye hucheka na kusema basi atanifukua. Safari hii alishika mkono wa koti akaupapasa, akaupapasa, akaondoka bila neno. Hakucheka.

Kuna mtu kamwambia kitu huko kwako? Nijibu upesi. Barua umpe dereva wa lori la maziwa, ananifichia chini ya kiti.

Shemeji yako, mkorofi wa siku zote.


Nyumbani kwangu, 29 Machi

Kwa shemeji,

Sijambo. Barua yako imechukua siku kumi na tisa, nadhani dereva wako alikuja nayo kwa miguu. Huku joto ni kali. Tangu nistaafu wodini majirani wamegeuza baraza yangu kuwa zahanati, leo asubuhi tu nimefunga vidonda viwili na kutoa kokwa puani mwa mtoto. Mpe mwalimu hongera zangu.

Unauliza mguu. Mguu gani? Ah, mguu. Umepona, ahsante. Ulikuwa wa kushoto tu, mambo madogo.

Kuhusu dada sina la kukuambia. Ni mtu mzima. Hapa kwangu alikula vizuri na kulala vizuri, na blanketi hilo alilianzia hapa, na mimi naliona ni zuri.

Ila nakuomba kitu. Usihamishe vigoda. Vitu vyote viache pale pale dada anapoviweka, na ndoo usiiache njiani kama ulivyozoea. Na kile kisima chenu, kina kifuniko? Usiniulize kwa nini.

Mimi shemeji yako.


Shambani, 20 Aprili

Kwa shemeji mficha mambo,

Tunaendelea, ndama hasara anaendelea, mvua imekuja ikaondoka na kitunguu changu chote. Kuku watatu wamechukuliwa na kicheche. Dada yako anakusalimu bila kujua kwamba anakusalimu.

Mimi nimekuuliza habari za mke, wewe umenijibu habari za vigoda. Na huo mguu! Dada yako aliniambia ni wa kulia, umevimba kama mtungi. Kwako umekuwa wa kushoto na mambo madogo. Nyinyi wawili mkitaka kudanganya, kaeni chini kwanza mgawane miguu.

Sasa sikiliza, mambo yamezidi. Barua yako niliiacha mezani makusudi, wazi, ubavuni mwa kikombe chake. Mwanamke huyu alikuwa anasoma hata gazeti lililofungia sabuni. Barua zote za nyumba hii yeye ndiye aliyenisomea, na sehemu za kunisema vibaya alizisoma mara mbili. Imekaa siku tatu. Hakuigusa. Siku ya nne akaifunikia sufuria la maziwa.

Nikasema huyu amenikasirikia. Nikamfanyia jaribio, usinilaumu, mzee akikosa kazi ataitafuta. Alikuwa na kiraka cha kaki ya kijani, nikakiiba nikaweka kaki ya kahawia. Akakishona bila kupepesa. Nikaona, haya, akili imekwenda. Kesho yake nikaiba kipande cha flana nyekundu, nikaweka satini nyekundu, rangi ile ile kabisa, mimi mwenyewe nilizichanganya. Akakishika tu akanirushia usoni. "Mzee, toa mikono yako kwenye kazi yangu." Sasa huyo ni mwenye akili au asiye na akili? Kijani na kahawia hazitofautishi, nyekundu na nyekundu anazitofautisha. Nimezunguka zizi mara tatu nikiwaza, mpaka ng'ombe wakaniangalia kwa huruma.

Kosa langu ni hili. Nilimwandikia mwalimu. Nilitaka ushauri wa mtu aliyesoma, nikamwambia mama yako anachanganya rangi, anahesabu hewa, wiki iliyopita alitia chumvi kwenye chai yangu. Amejibu kwa siku tano, hajawahi kunijibu upesi hivyo. Anasema mama amechanganyikiwa, shambani si mahali pake tena, mwezi wa sita anakuja na gari kumchukua akaishi nao mjini, ghorofa ya tatu, chumba kiko tayari. Mimi nikitaka nimfuate, nisipotaka nibaki na ndama.

Nilitaka ushauri, nimepata gari.

Shemeji, mimi ni mtu wa utani lakini hapa sitanii. Kama akili yake inaondoka, niambie. Kama amenichoka, niambie pia, nitajua pa kujificha. Lakini asije akapakiwa kwenye gari kama gunia na mimi sijui hata sababu.

Mkorofi.


Nyumbani kwangu, 8 Mei

Shemeji,

Salamu za haraka. Mimi mzima, miguu yote miwili mizima, na haijawahi kuugua. Haya, umefurahi?

Umefanya ujinga kumwandikia mwalimu. Dada akili yake ni timamu kuliko yako na yangu tukijumlisha. Hilo naweza kulisema kwa sababu halimo katika niliyokatazwa. Hayo mengine niliapa mbele yake, kwa jina la mama yetu, na mimi kiapo hicho sitakivunja hata ukiniletea ng'ombe mwekundu na mwanawe.

Ila hakuna aliyenikataza kutoa kazi ya nyumbani. Subiri dada aende zizini mchana. Tandaza blanketi lile kitandani. Funga macho kwa kitambaa, kifunge hasa, nakujua utachungulia. Pembeni kuna kifungo kikubwa cha koti la kike. Anzia hapo. Tembeza vidole polepole, usiruke kitu, kama mtu anayetafuta mwiba.

Ukimaliza, ndipo uniandikie.

Shemeji yako.


Shambani, 23 Mei

Shemeji,

Leo sina habari za kuku.

Nilifanya ulivyosema. Nilijifunga kwa leso yake, nikakaa kitandani kama mwari. Nikakishika kifungo. Hakikuniambia kitu, ni kifungo. Kutoka hapo kuna uzi umefungwa mafundo, fundo, fundo, nikayafuata kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda, na kwa kuwa sina adabu nikayahesabu. Arobaini na sita. Fundo la mwisho limeishia kwenye flana, nene, yenye joto, kama tumbo la ng'ombe ukiliegemea wakati wa kukamua.

Hapo nikajua nimefika zizini.

Nikarudi kwenye kifungo, kwenye mlango wetu. Kushoto nikapata kodrai, ile ya suruali ya mwalimu alipokuwa na miaka saba, na ile mistari yake, shemeji, ni matuta. Ni shamba la mahindi. Ameyaelekeza kule kule tunakolimia. Chini yake kuna satini nyembamba inayoteleza kwenda chini, huo ni mfereji. Nikapapasa mbele zaidi nikashikwa kidole na zipu. Nikaifungua, nikaifunga. Lango letu la barabarani. Nyuma ya nyumba kuna pete ya pazia, chuma, duara, baridi, nikajua ni kisima kabla sijajua kwamba nimejua. Na kifungo, mafundo, matuta, vyote vimelizunguka lile tundu. Pale inapotakiwa kuwa nyumba hakuna nyumba.

Nilikaa na ile leso machoni muda mrefu kuliko ulivyonituma. Nilikuwa naogopa kuifungua kisha nione rangi zile, maana sasa najua hazikuwa rangi kamwe. Miezi mitatu mimi nalitazama blanketi hili, nalicheka, kumbe lilikuwa halitaki kutazamwa.

Barua mezani. Chumvi kwenye chai. Vigoda. Na mimi wiki iliyopita niliacha jembe mlangoni, akajikwaa, nikamwambia mama, siku hizi unacheza ngoma gani. Akacheka. Alicheka, shemeji.

Sasa nakuuliza mimi, kwa mdomo wangu, hukusema wewe. Macho yake yamebaki kiasi gani?

Yeye sijamwambia kitu. Anaimba huko zizini.


Nyumbani kwangu, 6 Juni

Kwa shemeji yangu,

Hujambo. Umeuliza mwenyewe, kwa hiyo nimejibu swali, sijavunja kiapo. Mama yetu atanielewa.

Mwezi wa kwanza hakuja kuniuguza. Nilimpeleka hospitali ya macho, mara tatu. Mshipa wa nyuma ya jicho unanyauka, wa jicho la kulia umekwisha, wa kushoto unafuata. Sura bado anaziona kama kivuli nyuma ya pazia. Maandishi hapana. Rangi hapana. Hakuna dawa ya kuurudisha, na mimi nimekaa wodini miaka thelathini na mbili, ningekuwa na tumaini la kukupa ningekupa. Daktari alimwambia anaweza kuwa na mwaka mmoja, au pungufu.

Siku ile tulipotoka hospitali hakulia. Alinunua zipu. Nilidhani amechanganyikiwa mimi pia.

Nilimwambia mwambie mumeo. Akakataa. Alisema watoto wakijua watamchukua, na kule mjini atakaa kitini kama chungu kilichopasuka, kinatunzwa lakini hakichemshiwi kitu. Hapo shambani anayajua yote kwa miguu, alitaka tu muda ayajue na kwa mikono. Halafu akasema neno jingine, nami naliandika kama alivyolisema: "Nikimwambia atanihurumia. Mimi niliolewa na mtani. Akianza kunihurumia nitakuwa mjane na yeye yuko hai."

Sasa unajua. Fanya unavyojua, lakini funika kisima.

Shemeji yako anayewaombea.


Shambani, 30 Juni

Kwa shemeji, bingwa wa kiapo,

Salamu kutoka kwa wote, na safari hii ni wote kweli, maana dada yako amekaa hapa ubavuni na ananiambia niandike kwamba wewe ni msaliti na anakupenda. Ndama hasara amenenepa. Kisima kina kifuniko cha mbao na uzio wa kufika kiunoni, niliujenga kwa siku mbili. Aliponiuliza nagongagonga nini nikamwambia natengeneza jeneza langu, la kisasa, la mviringo.

Mwalimu alikuja tarehe ishirini na nne na gari lake na uso wake wa mkutano. Hata chai hakumaliza. Akalichukua blanketi, akalinyanyua mbele yangu kama anayeonyesha ushahidi, akasema baba tazama mwenyewe rangi hizi, huu ni mkono wa mtu mwenye akili zake? Mama yake alikuwa kitini, mikono mapajani. Nikajua amekwisha kujiona chungu.

Mimi sina elimu ya kushindana na mwalimu mkuu. Nina gunia. Nilimwambia, mwanangu, kabla ya kumchukua mama yako nifanyie jambo moja la kumfurahisha baba mjinga. Nikamvika gunia kichwani, nikamwambia nenda zizini umfungue ndama, hapa ndipo ulipokulia. Alikwenda. Akaanza na kigoda, akaja ndoo, ambayo nakiri niliiweka mimi, akaishia kukumbatia ule mti wa kuanikia nguo na kuuomba radhi. Majirani waliokuwa wanapita barabarani walisimama.

Kisha nikasema, mama, nenda wewe. Na sikusema kwa sauti ya huruma, shemeji. Nilisema vile ninavyosema kila siku, chai iko wapi.

Akainuka, akajifunga leso machoni mwenyewe, ingawa mimi na yeye tulijua haifichi kitu. Akaenda. Hakuhesabu kwa sauti. Ile ndoo aliizunguka, maana alikuwa amesikia mwanawe akiipiga teke. Akaingia zizini, akatoka na ndama kwenye kamba, akaja naye mpaka mlangoni akamkabidhi mwalimu. Mwalimu alikuwa ameshavua gunia. Akashika kamba, akashindwa kusema, na mtu huyu anasema kwa mshahara.

Ndipo akanigeukia mimi, mbele ya mwanawe.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ile zipu iliponishika kidole."

"Na hukusema."

"Wewe ulisema?"

Akavua leso. "Haya. Sasa utaanza kunihurumia."

"Nitamhurumiaje mtu anayetaka kunivua koti?"

Akacheka kile kicheko cha kunifukua. Nilikuwa sijakisikia tangu mwezi wa kwanza.

Mwalimu amelala siku tatu. Chumba cha ghorofani hakukitaja tena. Amefunga kamba kutoka mlangoni hadi kisimani, ameipima na kuipima tena, na siku ya kuondoka alikaa kitandani peke yake na blanketi, mlango ameufunga. Tulimsikia akifungua zipu na kuifunga. Tulimwacha. Atakuwa anakuja kila mwezi kumpeleka mama yake kwa daktari, ingawa daktari hana kitu cha kumpa, anasema ni ili wapate kuzungumza njiani.

Koti nimelikata. Nilichukua mgongo, pale palipochakaa kwa kuegemea ukuta wa nyumba hii. Nilikata kwa mkasi wa kondoo, hivyo usiulize ulinganifu. Aliposhika kile kipande alipitisha kidole pembezoni akasema umekata kama panya mwenye haraka. Lakini ameshakishona kwenye lile tundu, nyumba ipo, na kwa ukaidi wake kifuko cha ndani cha koti amekibandika juu yake, humo anatia sindano.

Barua yako ya mwisho nimemsomea mimi. Nilichukua asubuhi nzima. Nikikwama kwenye neno yeye alilikisia kabla yangu, na pale uliposema nitamhurumia nilitaka kuruka, akasema umeruka mstari, rudi. Sijui alijuaje. Miaka arobaini na moja yeye ndiye aliyekuwa anaruka mistari, leo nimegundua, na nimemsamehe nusu.

Kazi yangu mpya ni kutunga nyuzi. Kila asubuhi sindano kumi na mbili, nazitia uzi na kuzichomeka mfukoni ili zimtoshe kutwa. Macho yangu mwenyewe si macho ya kutunga nyuzi, na uzi naulamba mpaka unalegea kama tambi. Leo nimetunga saba. Ananiuliza hapa kama nimelala. Naishia hapa, shemeji, zimebaki tano na mwenye kazi hana subira.